Wakili wa Sahani ya Kumi

Nyamizi alinipigia simu nikiwa nachambua mchele. Hakunisalimu. Alisema, "Dada Kabula, Mama ametutoka," akakata, nami nikaendelea kuchambua, nikitoa chuya na vijiwe, mpaka ungo ukaisha. Habari ilikuwa imefika masikioni, mikononi ilikuwa bado. Ilipofika niliufunga mgahawa wangu hapa Masumbwe wateja wakiwa bado wanatafuna, na mmoja aliponilaumu kwamba hata maji ya kunawa sijampa, nikamwambia akanawe mtoni. Mimi ni mtu wa hasira, sijifichi. Mama Nyamizi alikuwa akisema hasira yangu ni moto mzuri uliowashwa mahali pabaya, uhamishiwe jikoni. Nikapanda gari kwenda Segese kumzika, na njia nzima sikumwona yule bibi kizee wa mkongojo niliyemwacha mara ya mwisho. Nilimwona alivyokuwa mwaka ule mmoja nilioishi chini ya bati lake machimboni, nikiwa msichana wa kuchumbiwa na asiyetaka kuchumbiwa. Habari za kwetu, nani alinizaa na nini kilinifukuza nyumbani, nitaziacha. Zina wenyewe, na baadhi yao wako hai na wanapenda kesi.

Machimbo yenyewe yalikuwa porini, kati ya Segese na Kharumwa, na jina lake la serikalini sikuwahi kulijua. Wachimbaji waliyaita Kesho. Ukimuuliza mtu dhahabu itatoka lini, kesho. Utaoa lini, kesho. Utarudi kwenu lini, kesho. Mchunga ng'ombe mmoja alikuwa ameokota jiwe linalong'aa, watu wakamwagika, na kabla pamba haijavunwa shamba likawa mji wa maturubai, wenye baa, karasha za kusaga mawe zinazonguruma kutwa, na kanisa la mabati. Nyumba ya Mama Nyamizi ilikuwa ya miti na udongo, vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na mabenchi na meza ndefu ya mbao za matimba, zile mbao za kuzuia kuta za shimo zisiporomoke, alizoachiwa na mchimbaji aliyekata tamaa. Cha nyuma tulilala sisi, Mama, Nyamizi aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni, na mimi, pamoja na magunia ya mchele na mfuko wa udaga, mihogo iliyovundikwa na kukaushwa, ambao harufu yake nikiisikia hata leo narudi msichana. Jiko lilikuwa uani, chini ya turubai lililotobolewa na cheche. Kupitia ukuta wa fito ulisikia kila neno lililosemwa mezani, na elimu yangu ya dunia niliipata pale, nikipepeta na kusikiliza.

Yaliyosemwa mezani yalikuwa mambo ya kuvunja mifupa. Fulani kapigwa nyundo ya bega kwa sababu ya karata. Fulani kamng'ata mwenzake sikio, na sikio halikuonekana. Mwanamke wa baa kamwagiwa maji ya betri na mtu aliyesema anampenda. Walisimulia wakiwa wanamega ugali, wakiombana chumvi, na mara nyingi mwenye habari na mwenye jeraha walikuwa benchi moja. Mwanzoni nilikuwa naacha kisu na kuziba masikio kwa mikono yenye vitunguu. Baadaye nilizoea, na kuzoea kule ndiko kulikonitisha zaidi nilipokuja kukufikiria nikiwa mtu mzima. Mama alikuwa na sheria moja tu: panga, sururu na nyundo vilale nje ya mlango. Niliona mwanamume akija na damu mbichi kwenye fulana, akaegesha panga lake ukutani taratibu, akanawa mikono, akasema kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akimwita mama kama mtoto mwenye adabu, akaomba maharage. Mama akamjibu salamu, akampakulia. Nilimuuliza kwa nini anawalisha watu wa namna ile. Alisema angengoja wa namna nyingine, chakula kingechacha.

Sasa nieleze ile sahani, maana bila sahani hakuna habari. Watu wa kanisani walitoa fungu la kumi Jumapili, waliotoa. Mama alilitoa kwenye sufuria. Kila akipakua sahani tisa, ya kumi aliifunika kwa sahani nyingine na kuipandisha kwenye kichanja, na kuanzia hapo hakuihesabu kuwa yake. Haikuwa makombo. Nyama ilikuwa ile ile, na samaki alikuwa na kichwa. Jua likianza kushuka alitoka nje akatazama miguu ya wanaume waliokaa kivulini. Mwenye tope bichi miguuni alikuwa ameshuka shimoni, huyo atakula jasho lake. Mwenye miguu mikavu, ya vumbi tupu, alikuwa amekosa kazi siku ile, na ndiye aliyeitwa uani. Palikuwa na mchimbaji mmoja akiitwa Luhende, kifua kipana, mdomo usiotulia, mtu ambaye akiingia benchi linacheka kabla hajasema. Siku moja Luhende aliikosha miguu kisimani, akaipaka vumbi, akakaa kwa huzuni pamoja na wakosefu wengine. Mama alimtazama miguu, akamwomba anyooshe vidole vya mikono. Kucha zilikuwa zimejaa udongo mwekundu. Mama akamwambia kwamba miguu imetubu lakini mikono bado. Kesho nzima ilicheka, na Luhende mwenyewe alicheka kuliko wote. Nilimpenda siku ile. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Mchungaji wetu alikuja kwa pikipiki kutoka Kahama, si kila Jumapili, na mara moja alihubiri juu ya uwakili. Alisema kila Mkristo ni wakili. Watu wakatazamana. Pale Kesho wakili tuliyemjua alikuwa mmoja tu, yule wa mahakamani mwenye suti, ambaye ukimpa ng'ombe wako mwizi wako anarudi nyumbani kabla yako. Luhende akanyoosha mkono akauliza kwamba ikiwa sisi wote ni mawakili, mshtakiwa atakuwa nani. Mabati yalitikisika kwa kicheko, na mchungaji akakasirika, akaeleza kwa Kiswahili kirefu kilichozidi kutupoteza. Mama hakucheka. Tukiwa njiani alinieleza kwa Kisukuma, kwa maneno ya zizini. Nikasema kumbe ni kubilisa, ile desturi yetu ya mwenye ng'ombe wengi kuwaweka baadhi kwa mtu mwingine awatunze: maziwa unakunywa, samadi unatia shambani kwako, lakini ng'ombe si wako, na siku mwenyewe akija unamwonyesha alipo. Akasema ndiyo, ni hiyo tu, mchungaji angesema hivyo tungefika nyumbani mapema. Tangu hapo mtu akimshukuru kwa sahani alijibu, "Mimi wakili tu." Wachimbaji hawakuelewa hata kidogo, ila jina waliliokota. Wakamwita Mama Wakili.

Mvua zilipokuja, mashimo yakaanza kula watu. Tuliyaita maduara, na duara likishiba maji linafumba mdomo bila kuaga. Duara moja la upande wa mashariki lilimfunika kijana aitwaye Masele akiwa chini. Kaka yake, Shija, alikuwa juu akivuta kamba, na kamba ikakatika mkononi mwake. Walichimba mpaka kuta zikaanza kumeguka tena, kisha mwenye duara akasema shimo limekufa, akaweka miiba juu. Wenzao wakavua kofia, wakahamia duara lingine. Shija hakuhama. Alituma habari kwa mama yao kijijini, na mjumbe akarudi na neno moja: asirudi bila mwenzake. Mimi nilimsikia mjumbe akilitamka mezani kwetu. Shija alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye kuinamisha kichwa akizungumza na wanawake, na neno lile alilipokea kwa kuitikia tu, kama aliyetumwa dukani. Akaanza kuchimba peke yake kupitia duara la jirani lililoachwa, akitoboa pembeni kumfuata mdogo wake. Hakuchimba dhahabu. Kila mtu alijua, na kila mtu akachagua siku ya kusahau.

Siku hiyo ilifika kiroba cha mawe kilipoibiwa. Kilikuwa cha duara la Luhende na wenzake, mawe yaliyong'aa wazi, jasho la msimu mzima. Palikuwa na walinzi wa machimbo waliojiita sungusungu, ingawa sungusungu wenyewe wa vijijini waliwacheka, na kamanda wao alikuwa mfugaji mzee mwenye filimbi shingoni. Waliuliza nani huonekana kwenye maduara saa ambazo wengine hawapo. Jibu lilikuwa Shija. Hawakumkuta na jiwe hata moja. Nani alikiiba sijui mpaka leo, na sidhani kama kuna anayejua zaidi ya mwizi. Lakini watu walikuwa wanataka mtu, na mtu alikuwepo. Wakamtenga. Nilisikia hukumu ikisomwa kwa filimbi: asisalimiwe, asiuziwe, asipewe moto wala maji wala chumvi, na akifa asichimbiwe. Atakayempa chochote atatengwa naye. Walidhani ataondoka. Angeweza kuondoka, njia ya Segese ilikuwa wazi. Ila mdogo wake alikuwa bado chini.

Jioni yake Shija alikaa mbali, nje ya kivuli, na miguu yake ilikuwa mikavu, kwa sababu siku ile hakushuka shimoni na hakuna aliyekuwa tayari kumpa kazi. Mama alitazama miguu kama kawaida. Akaishusha sahani kichanjani, akanipa niipeleke. Niliipeleka nikitazama nyuma. Shija alikula bila kuinua uso, akalamba sahani, akairudisha kwa mikono miwili. Kesho yake kamanda alikuja, akaegesha mkuki wake nje, akakaa. Mama akampa shikamoo, naye akaitikia marahaba. Kisha akasema, "Mayu, umempa chakula mtu aliyetengwa."

"Sijampa, baba."

"Huyu binti ameonekana na sahani."

"Sahani ile si yangu. Nimewekewa niitunze. Ninyi mmenikataza mimi, na mimi sijatoa hata punje yangu. Mwenye sahani hamkumwita barazani."

Mgeni angedhani mwanamke anamkejeli mzee. Lakini kamanda alikuwa mfugaji, na Mama alijua anaongea na nani. Alimuuliza kama katika maisha yake amewahi kumtoza mtunzaji faini kwa kumkamata ng'ombe aliyebiliswa kwake, ambaye mwenyewe yuko mbali. Mzee alikuna goti. Hajawahi. Haifanyiki. Ng'ombe wa mtu hatozwi kwa kosa la mtunzaji. Akasema atalirudisha barazani, akanywa uji, akaenda, na baraza likabishana siku kadhaa juu ya sahani ya wali, wazee wazima, mwenye sahani ni nani na aitwe vipi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama alinikanya. Alisema amenunua muda tu, na muda wa namna ile hauna urefu.

Alikuwa sahihi. Wazee walikuwa wamefungwa na desturi, vijana hawakufungwa na kitu. Nikiwa jikoni nililisikia benchi la Luhende likinong'ona badala ya kucheka. Yeye alisema anachekwa. Kaibiwa mawe yake, na mwizi anakula nyama ileile anayokula yeye. Akasema, "Huyu mama si wakili wa Mungu, ni wakili wa wezi." Wengine wakagonga meza. Nilimpelekea Mama maneno hayo, akaniambia nikoroge maharage. Shija aliendelea kuja. Alikula akiwa amekaa juu ya tofali uani, na siku moja, bila kuulizwa, alimwambia Mama kwamba amekaribia, anajua kwa harufu. Mama alisimama, akamwongezea mboga. 

Ilikuwa siku ya gulio, mchana kweupe, watu wamejaa. Nilikuwa jikoni na sufuria ya maharage ilikuwa inatokota. Shija alitoka kwenye lile duara lililoachwa akiwa mweupe kwa vumbi kama mtu aliyepakwa unga, na mgongoni amebeba kiroba. Akaanza kutembea kuelekea kwetu. Hakukimbia, hakujificha. Mtu mmoja akapiga filimbi. Mwingine akasema mwizi, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemwonyesha mwenzake njia, na neno hilo likatosha. Mama alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi, mimi nyuma yake, na wote wawili tuliona: Luhende alitoka benchini, akachukua sururu yake ukutani ilipoegeshwa kwa sheria ya Mama, akaigeuza, akampiga Shija kwa mpini shingoni, nyuma, kabla Shija hajamwona. Hilo lilikuwa pigo la kwanza. Baada ya hapo hakuna aliyejua la nani ni lipi. Walimpiga kwa miti, kwa mawe, kwa mnyororo wa pikipiki. Nilimwona kijana niliyemuuzia maandazi asubuhi akiruka juu na kutua na visigino vyote viwili. Shija hakuachia kiroba. Alikikumbatia tumboni, akajikunja juu yake, na wao wakaona ndiyo ushahidi.

Mama alipita katikati yao na kumlalia. Mwanamke mfupi, mnene, mwenye aproni. Wakasita, maana mikono yao ilikuwa imezoea kupokea kwake. Sauti moja ikasema, "Toka, mayu. Wewe ni wakili wake?"

"Ndiyo," alisema. "Ni wakili wake."

Kwa masikio yao alikuwa amekiri. Wakili ni yule anayemtoa mwizi. Mimi niliyejua maneno ya zizini nilisikia kitu kingine: kwamba mtu huyu amewekwa kwangu na Mwenyewe, na siku akiulizwa nitaonyesha alipo. Ni neno lile lile, na lilimvunja mkono. Jiwe lilitua juu ya kiwiko, nikasikia ulivyokatika, mlio mkavu wa kuni. Hapo nikachukua sufuria. Niliishika bila vitambaa, makovu ya viganja ninayo, nikawamwagia maharage ya moto, miguuni, magotini, popote yalipofika. Sijutii. Nimeombewa juu ya jambo hili makanisa mawili tofauti na bado sijutii. Waliruka nyuma wakipiga mayowe, na katika kuruka mmoja akakanyaga kiroba, kikachanika.

Likatoka buti la mpira. Ndani ya buti mlikuwa na mguu. Kisha fulana ya bluu ambayo watu wote pale walikuwa wamemwona nayo Masele, na ndani ya fulana alichobakiza udongo.  Karasha za mbali ziliendelea kunguruma kwa sababu wenye karasha walikuwa hawajaona. Mmoja baada ya mwingine waliweka miti yao chini, polepole, kana kwamba ni ya kuazima, wakaondoka bila kutazamana. Tulimwingiza Shija ndani, Mama kwa mkono mmoja na mimi kwa viganja vilivyobabuka, tukamlaza juu ya meza ndefu, mahali watu walipokuwa wanakula. Damu ilipita kati ya mbao ikadondoka kwenye mabenchi. Aliuliza mara moja tu, "Masele yuko wapi?" Mama akamwambia yuko hapa, ubavuni pako. Alikuwa ameagiza kiroba kiwekwe pale pale. Shija alikufa jua halijazama.

Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, Mwislamu wa Kahama aliyetuuzia kamba na vyuma, alikuwa pale kwa ajili ya gulio. Alishusha mzigo wake wote mavumbini bila kuombwa, akatoa jora la kitambaa cheupe, akawapeleka ndugu wale kwao kwa gari lake. Mama alikwenda, mkono umefungwa kwa khanga na vijiti, akikataa hospitali mpaka wafike. Mimi nilikuwa nyuma na miili. Mama yao alitoka nyumbani akatazama wawili wakishushwa. Hakulia. Alisema, "Nilisema asirudi bila mwenzake," kisha akalisema tena, na tena, akijisikiliza, mpaka wanawake wakamshika. Nimezaa, nimezika, nimesikia mengi, lakini hakuna sauti inayonirudia kama ile.

Polisi walikuja Kesho na wakauliza. Hakuna aliyeona. Redioni ikasemwa kwamba mtu mmoja ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Nilitaka kuipasua redio. Mwenye hasira kali nilikuwa mimi, na mimi sikuua mtu. Mama aliporudi kutoka hospitali na plasta yake nilimwambia twende tukamtaje Luhende. Akasema amekwisha kumtaja. Askari aliyemwandika maelezo hospitalini alimuuliza aliona nini, naye akasema yote, jina la Luhende na la baba yake, na mpini wa sururu. Walisema watakuja kumchukua. Tulingoja. Hawakuja, na sababu sikuwahi kuijua.

Tulipowasha moto tena, wale wanaume walikuja. Si wote siku ya kwanza. Walikuja wakiangalia chini, wakaegesha zana nje, wakakaa kwenye meza niliyoisugua kwa mchanga na majivu na bado ilikuwa na doa. Mama akaniambia niwapakulie. Nilikataa. Nilimwambia bora niwape sumu ya panya. Hakunigombeza, hakunihubiria. Alishika upawa kwa mkono wa kushoto, ambao haukuwa umezoea, akawapakulia mwenyewe, akimwaga mchuzi mezani na kuomba radhi. Nilimchukia kwa hilo, na kuna siku bado namchukia. Nimejaribu kuiona neema pale na mara nyingine naiona, ila mara nyingi naona doa mezani na wanaume wakiweka viwiko juu yake.

Luhende hakuwa miongoni mwao. Miguu yake ilikuwa imebabuka kwa maharage yangu, haikuweza kuingia kwenye viatu wala kwenye tope. Ilikuwa mikavu. Mama alituma mtu kuitazama, kisha akaishusha sahani kichanjani na kuniita mimi. Nilisema siendi. Akasema basi chakula kitachacha, tena si chake wala si changu cha kuchachisha. Akaishikilia ile sahani mbele yangu kwa mkono ule mmoja mpaka ukaanza kutetemeka. Nikaipokea, si kwa upendo, ni kwa sababu mkono wake ulikuwa unatetemeka. Niliipeleka kila jioni mpaka miguu ilipopona. Sikumsalimu. Niliweka sahani kizingitini, nikageuka. Naye alikula yote, na baada ya muda akaanza tena kutaniana na wapita njia.

Nyumbani kwa marehemu Segese hakuna aliyeniuliza kama nitapika. Waliniwekea kigoda mbele ya masufuria na wakanipa upawa. Kaburi lilipokamilika wachimba kaburi wakaja kula kwanza, kama ilivyo desturi, na kati yao alikuwamo mzee mmoja mpana aliyevaa kandambili, mwenye makovu meupe miguuni. Alikuwa mzee wa kanisa sasa, wenzake walimwita hivyo. Nilipaswa kumwamkia na sikumwamkia. Alinyoosha sahani, akasema Mama alikuwa mtu wa Mungu, kwamba baada ya machimbo kufa yeye alimfuata hapa Segese kwa ajili ya kanisa lake, na kwamba kwake hakuwahi kukosa chakula. Kisha akapunguza sauti. Alisema Mungu alimsaidia mama yule, kwamba siku ile ya Shija kichwa chake kilikuwa chini na hakuona nani alianza.

"Aliona," nikamwambia. "Alikuwa amesimama mlangoni. Alikutaja kwa polisi, Luhende, jina lako na la baba yako, mkono wake ukiwa bado haujafungwa plasta."

Nilitaka imuume, sitasema uongo.  Miaka yote alidhani anakula kwa mtu asiyejua, kumbe alikuwa anakula kwa shahidi.

"Na ile sahani," akasema, "nilipokuwa siwezi kutembea?"

"Mimi ndiye niliyekuletea," nikasema. "Yeye alijua."

Nikampakulia. Wali, maharage, nyama, sawa na wenzake. Hakuondoka. Alikaa chini pale pale kwenye foleni, mzee mzima, sahani mapajani, na watu wakawa wanampita.